Mukono wa Mama Mbele ya Apareyi

Kalemie, siku ya mvua

Kwako Yaya Felista, mutoto wa kwanza wa mama yetu, uliye nyumbani Moba,

Jambo Yaya. Na jambo tena, maana la kwanza najua hutaliitika. Mugongo wako unaendeleaje? Shemeji, kile kikohozi cha asubuhi kimemuachilia? Mihogo ya shamba la juu ilikauka, ao mvua iliiozesha mbele haijaingia ghalani? Mimi huku nipo, nakula bukari yangu, natembea. Ukiniuliza kama niko muzima, nitakujibu uniulize siku ingine.

Barua hii itakufikia na mwenye mashua ya ndagala anayeshuka huko. Nimemuambia akuwekee mukononi mwako wewe mwenyewe, na asiondoke mpaka aone umeifungua. Akanijibu, "Papa Melki, mimi nabeba ndagala, sibebe magomvi ya watu." Nikamuambia safari hii atabeba vyote viwili, na ndagala ndizo zitanuka kidogo.

Habari za huku si nzuri. Ziwa limepanda tena. Ile nyumba yetu ya kwanza, unayoijua, yenye mulango wa kijani, sasa samaki wanaingia na kutoka kama wapangaji. Tumehamia juu, kwa chumba kimoja, mimi na Mama Anjela na masanduku yote. Kazi ya kuunga vyuma vya mashua bado ninayo, sababu ku bandari hii hakuna mutu anayeshika moto kama mimi, na hilo wewe unalijua. Juzi nimeunga tumbo la mashua ikiwa ingali mu maji, nimezuia pumzi mpaka wavuvi wakaanza kuniombea. Moto ukawaka chini ya maji, Yaya. Usipoamini, uliza. Usimuulize tu Mama Anjela, yeye hakukuwa pale.

Lakini sikukuandikia kwa sababu ya mashua.

Tangu tulipomuzika mama, mutu akiniita "Papa Foto" moyo unashuka mpaka ku magoti. Zamani nilikuwa nalipenda lile jina. Kila siku ya Mungu nikitoka misa nilikuwa natembea ufukweni na ile apareyi yangu ya zamani ya kupiga foto shingoni, na watu wanaambiana, njo yule anakuja, funga shati vizuri. Si kazi, ni mapenzi tu, hakuna mutu niliyemuomba kitu kwa foto. Nilipiga radi ikiingia mu ziwa na kutoka. Nilipiga kiboko akipiga miayo karibu ya reli, na ulipoikuza ile foto, mu meno yake uliona wavu wa jirani yetu uliopotea mwaka mzima. Nilikuwa na foto za mawimbi, za ndege, za machweo, za maharusi wa watu nisiowajua ata jina.

Ya mama, nilikuwa sina.

Sikusahau siku ile. Wazee wanaomba foto ya kuweka juu ya sanduku la mama, na watu wote wa kilio wanageuka kuniangalia mimi. Mimi, mutoto wake, mwenye apareyi shingoni. Nikatazama chini. Njo mukaenda kuchukua karte yake ya uchaguzi, mukaikuza kule wanapotoa foto. Na ile foto ya karte tunajua wote ilivyokuwa: alikuwa na malaria siku ile, na walimuambia avue kitambaa cha kichwa ili masikio yaonekane. Mama yetu, ambaye ata sisi watoto wake hatukuwahi kuona nywele zake mchana! Akatangulizwa mbele ya parokia nzima kichwa wazi, uso wa majivu, macho kama mutu aliyekamatwa. Nilisikia mama mumoja nyuma yangu anauliza, "Huyu ni nani?" Mwenzake akamujibu, "Nyamaza, ni marehemu."

Halafu ku kaburi ukaniambia lile neno. Ulisema, "Melki, usikanyage hapa tena na hiyo mashine yako, mpaka siku utakayoleta sura ya mama." Ulisema polepole, haukulia. Ningependa kama ungenipiga.

Sasa siku ya kumaliza kilio inakaribia, mvua zikiisha tu, na mimi bado sina sura ya mama. Nikajifikiria, kosa ni la ile apareyi. Kweli ilikuwa imezeeka. Unyevu wa ziwa umeingia mu kioo, kuvu imeota ndani kama ndevu, na mu nyumba yenye giza kidogo haione kitu. Kila foto ya mama niliyojaribu iliharibika. Nikasema, nitanunua ingine, kubwa, ya kweli, na nitakwenda nayo Moba, nitapata njia. Njia gani, mutu akiwa ameshazikwa? Sikujiuliza. Mutu mwenye haya haulizi sana.

Kuna mama mumoja wa Kigoma, Mama Zaituni, anavuka na mizigo yake, redio, taa za jua, simu, na mara hii alileta apareyi mbili. Nimekwenda kwake siku tatu mufululizo, nakaa juu ya katoni, nashika hii, naweka, nashika ile. Siku ya tatu akaniambia, "Mzee wangu, hata mahari watu huamua upesi kuliko wewe."

Moja ilikuwa na pua ndefu kama ya korongo. Ile inavuta, Yaya. Nilisimama mulangoni kwake nikaangalia mutumbwi ulioko mbali kabisa, nikaona muvuvi anajikuna sikio. Niliona ata sikio lenyewe ni chafu. Nikasema moyoni, hii ndiyo yangu. Na hii nitapiga foto ya Kigoma nikiwa kitandani. Ingine ilikuwa fupi, nyeusi, ndogo kuliko ya zamani. Haivute kitu. Ukitaka uso wa mutu, uende mwenyewe kwa miguu mpaka pale alipo. Lakini Mama Zaituni alisema inaona mu giza, chumba chenye dirisha moja kinaitosha, na inatafuta macho ya mutu yenyewe na kuyashika.

"Macho?" nikauliza. "Yenyewe?"

"Yenyewe. Ukikaa mbele yake, haihangaiki na ukuta wala mti. Inatafuta jicho."

"Kaa basi nijaribu."

"Mimi? Na uso huu wa safari?"

"Kaa, Mama. Mimi Papa Melki nikikupiga, mumeo atakuposa mara ya pili."

Akacheka, akakaa. Nikainua ile fupi. Nilipotaka kubonyeza, akainua mukono mbele ya uso, hivi, vidole vimefunguka, akasema, "Ngoja kwanza, sijajipaka hata wanja!"

Apareyi ikashika kiganja. Mistari yote ya kiganja ikaonekana, na nyuma yake uso ukawa moshi.

Nilikaa chini juu ya ile katoni ya taa, nikasikia zinavunjika, na sikuinuka. Maana kile kiganja nilikijua. Nilikuwa nimekipiga mara nyingi. Kila mara niliyofika Moba na kuinua apareyi, mama alifanya vilevile. "Peleka mashine yako kule," huku mukono juu. Na nyinyi wote mulikuwa munacheka, munasema mama ana maringo, mama anaogopa foto kama watu wa zamani.

Haikukuwa maringo. Hapa njo ninapotaka kukuambia kitu ambacho sijakiambia mutu, ata Mama Anjela.

Unakumbuka ile Noeli niliyokuja na apareyi mara ya kwanza? Mama alikaa nje anachambua majani ya sombe. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cha buluu, alikuwa ananingojea nimupige. Alijitengeneza kwa ajili yangu, Yaya. Na mimi, kwa kile kinywa changu, nikataka majirani wanisikie. Nikasema kwa sauti, "Mama, kaa sawa! Hii njo ile tutaweka juu ya sanduku lako. Siku yako foto itakuwa kubwa kama mulango, ata askofu atauliza ni nani aliyeipiga!"

Majirani wakacheka. Mama hakucheka. Aliniangalia kama vile nimefika nimebeba jembe la kuchimba kaburi. Akainua mukono. Na tangu siku ile hakuushusha tena.

Sisi tunajua, foto ya kukuzwa na kutiwa fremu inangojea nani. Mutoto mudogo anajua. Mimi nilijua, nikasema tu. Kwa sababu ya kuchekesha watu watatu pale uani, ku lupango. Basi lile neno lako la kaburini, nilistahili zaidi ya lile, na wewe ulikuwa haujui ata nusu.

Mama Zaituni alifikiri ni malaria, akaniletea maji. Nikamueleza yote, sijui kwa nini, pengine sababu hatanizika yeye. Halafu akashika ile yenye pua ndefu, akasema, "Hii utamwiba mtu uso hata akiwa anasali kanisani, wala hatajua. Ile fupi, lazima umkaribie mpaka usikie anavyopumua. Akiinua mkono, utauona." Nikamuuliza kama hakuna apareyi inayoona nyuma ya mukono. Akasema, "Haipo, mzee. Unasubiri mwenyewe aushushe. Asiposhusha, unashusha wewe mashine."

Nimenunua ile fupi. Taa nilizovunja pia nimezichukua, zinawaka moja moja. Mama Anjela aliponiona akapiga makofi, "Baba Anjela! Siku tatu za kuchagua, na umeleta kitoto cha apareyi! Ile iliyomeza Kigoma iko wapi?" Nikawasha taa moja, nikakaa kitandani na ile apareyi ya zamani.

Usiku ule, foto zilizo mu tumbo lake hazikuniacha nilale. Asubuhi yake nilizitoa zote, nikazipitia moja moja. Za mama ni kumi na moja, na zote ni kiganja. Nilikuwa nimeziona zamani kama foto zilizoharibika. Sasa nimechagua moja, nimeitoa ku karatasi, iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Usiitazame umesimama.

Utaona lile kovu la kisu cha mihogo chini ya kidole gumba. Utaona kile kidole cha kati kilichopinda alichotupimia nacho chumvi. Pete ya baba, imekuwa nyembamba kama uzi. Utasema uso hauonekani, na ni kweli, uso ni moshi, sitakudanganya, mimi ambaye nimedanganya juu ya kiboko. Lakini angalia juu ya ule moshi. Kuna buluu. Ni kitambaa chake, Yaya. Hapo amefunikwa kichwa.

Ukiona inafaa, siku ya kumaliza kilio tuondoe ile ya karte mu fremu, tuweke hii. Watu wakiuliza kwa nini tumeweka mukono, waambie mutoto wake wa pili alimukosea adabu, na mama akamujibu hivi. Ukiona haifai, uiweke mu sanduku lako la vikwembe, usimuonyeshe mutu.

Na kitu cha mwisho. Watu wote wanasema wewe njo sura yake. Wamesema tangu zamani, na kila mwaka inazidi. Nitakuja na ile apareyi fupi, lakini itabaki mu mufuko. Nitakaa tu. Nitakusaidia kuchambua sombe, ata kama sijui, sitasema neno, na wewe unajua kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kuunga chuma chini ya maji. Ukisema, "Melki, toa," nitaitoa. Si kwa sanduku la mutu. Ni ili watoto wako wakuone ukiwa hai, umefunga kitambaa chako, unakasirika.

Nisalimie shemeji, mwambie kikohozi kisizoee nyumba. Msalimie Anastazia, binti yako mushonaji. Mujomba wake anamuomba atengenezee fremu kitambaa cha buluu, buluu ile ya Noeli, yeye anaikumbuka. Nisalimie baba mudogo Aloisi katekista, anitajie mama mu sala za jioni, na mimi pia anitaje, bila kueleza sababu. Na yule bibi jirani aliyecheka sana siku ile ya sombe, kama bado yuko, nisalimie pia. Alicheka kwa sababu mimi nilitaka acheke.

Mvua imeshika tena, karatasi inalowa, mwenye mashua anapiga filimbi. Nimalize.

Yaya, nitakapoingia ku lupango, kama haujanisamehe, usipoteze maneno. Inua mukono tu. Safari hii nitaelewa, nitageuka.

Ni mimi mudogo wako,
Melki, uliyemubeba mugongoni