Maharagi ya Luberizi Yangoje Mvua ya Tatu

Mpendwa Shangazi,

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza na nimekaa mlangoni pa nyumba yako ya Songo, ambayo tangu tulipokuzika ninaishi peke yangu. Ninakuandikia ingawa najua barua hii haina pa kupelekwa. Kuna jambo nimelifanya katika biro ya mashamba, ofisi ambamo mimi ni karani, na mtu ambaye angeniambia kama nimekosea ni wewe.

Utakumbuka mwaka tuliposhuka kutoka mlimani, juu ya Lemera. Mbegu zako za maharagi zilikuwa katika kibuyu, umezichanganya na majivu, na njia nzima hukukubali mtu mwingine akibebe. Kule juu kazi ilijulikana: mwezi wa tisa ukianza, mvua inapiga kila alasiri, na mwenye akili amekwisha kupanda. Kwa hiyo mvua ya kwanza ilipopiga hapa Songo, kando ya ziwa, kesho yake asubuhi ulikuwa shambani, mimi nyuma yako nikifukia mashimo kwa mguu.

Jirani yetu Mama Rosalia, mwanamke wa Luberizi, kule bonde la Ruzizi, aliyeolewa mtaani kwetu, alisimama na jembe lake begani akatucheka.

"Weye, mwana wa mulima," akasema, "hii mvua imepita tu kutusalimia. Iko inaenda kwenu."

Ulimjibu kwamba maharagi hayana habari na maneno ya majirani, tukacheka sisi pia. Yalichipuka siku ya sita, mistari imenyooka. Kisha mbingu zikafunga, jua likawaka karibu majuma matatu. Nilichota maji mtoni kabla ya shule, na kila asubuhi nilikuta mistari imepungua, hadi siku moja ukaniambia niache, nisichelewe darasani kwa ajili ya majani makavu.

Mbegu kupotea hakukunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba ulijifunga kitambaa kizuri, ukaenda kwa Mama Rosalia, ukakaa chini kwenye mkeka wake, ukamwuliza. Wewe ambaye mlimani ndiwe uliyekuwa ukiulizwa. Safari hii hakucheka. Alituonyesha namna ya kuchimba hadi mkono uingie mpaka kwenye kiwiko, kutoa udongo wa chini na kuufinyanga. Ukivunjika, bado ni mkavu, urudi nyumbani. Alisema, "Mvua ya kwanza iko ya mulima, ya pili iko ya njia, ya tatu njo ya maharagi." Akakupa mbegu, nawe ukamlimia siku mbili.

Baada ya hapo ulikuwa mwanafunzi kuliko mimi. Ulijifunza kwamba nyanya za huku ziwani zinamwagwa kitaluni mvua za mwezi wa nne zinapochoka, kwa sababu mvua inaziozesha, na kwamba kiangazi chote zinakunywa maji ya mfereji, wakati kule kwetu baridi ya mwezi wa saba ingeziua. Wapagazi wa bandari ya Kalundu walikuita Mama Tomate. Mmoja alikuuliza kama unalima mbinguni, maana kwao hakukuwa na hata jani, ukamwambia aje kubeba maji siku moja ataijua hiyo mbingu. Mimi ulinipa neno ambalo sikulitafakari wakati huo: "Kwa misa, kalenda iko moja. Kwa udongo, ziko nyingi."

Sasa nikuambie habari ya biro. Kila mwaka, mwezi wa nane, inakuja karatasi kutoka Bukavu yenye siku za kupanda bustani za nyumbani: maharagi, mashu (yaani kabichi), vitunguu. Bukavu ni juu, ni baridi, mvua yake inafanana na ya Lemera. Karatasi ni moja kwa mlima, kwa ufuko na kwa bonde la Ruzizi. Inasema maharagi yawe ardhini kabla ya katikati ya mwezi wa tisa, na asiyepanda anaandikwa jina ili aadhibiwe.

Mwaka jana niliipiga kwenye mashini, nakala kumi na mbili, bila kosa hata moja la herufi. Nilijua kwamba siku hizo si za bonde. Nilisita kwenye neno Luberizi, nikamsikia Bwana, mkubwa wa biro, akikohoa chumbani mwake, nikaendelea. Watu wa bonde walipanda kama walivyoagizwa, na jua likafanya kazi yake. Msimamizi wa mashamba alipopita aliandika kwamba ni wavivu, hawakumwagilia. Mtoto wa Mama Rosalia ni kati ya waliofyekeshwa barabara kwa adhabu. Mama mwenyewe alikwisha kurudi Luberizi baada ya kufiwa na mume. Alikuja bironi na barua ya kumwombea mwanawe. Nikaipokea, nikaigonga mhuri, nikamwambia ataitwa. Hakunitukana. Alisema tu, taratibu, "Weye ulijua."

Karatasi ya mwaka huu ilipofika, niliiweka chini ya vitabu siku tatu. Nilifungua kitabu cha mvua, ambacho ni mimi ninayekijaza, nikanakili miaka yote ya Luberizi iliyomo: mvua ya mwezi wa tisa inakuja, inakatika, inarudi kwa kweli mwezi unaofuata au baada yake. Nikaingia kwa Bwana na hiyo nakala. Alisoma kwa muda mrefu. Akauliza nani amenifundisha mambo haya. Nikasema, shangazi yangu, Bwana.

"Na yeye iko na diplome gani?"

Nikasema hana. Alicheka, lakini karatasi hakunirudishia. Alisema nakala za bonde zisitoke kwanza, na barua iende Bukavu kueleza sababu. Kisha akaongeza, "Lakini saini iko ya weye. Hapana ya mimi."

Niliiandika kwa sehemu tatu, mlima, ufuko na bonde, kila moja na miezi yake. Nikaweka jina langu lote, na la ubatizo. Iliondoka na lori la Jumatatu. Majibu hayajaja.

Alhamisi iliyopita mvua ya kwanza ikapiga, kubwa, hadi bonde zima. Ijumaa Mama Rosalia alifika bironi na wanawake wanne, matope hadi magotini, kila mmoja na kifurushi cha mbegu. Bwana alikuwa safarini. Mama aliniuliza mbele ya wote:

"Karani, tupande ao tungoje?"

Nikisema wapande, nimetii Bukavu, na hakuna atakayeniuliza neno. Nikisema wangoje na mvua isikatike, watapitwa na majira, wataandikwa majina, na sina karatasi yoyote ya kuwakinga. Miaka ya namna hiyo ipo. Katika kitabu niliukuta mmoja, na katika barua ya Bukavu niliutaja, kwa sababu sikutaka kudanganya.

Nikasema, "Mama, mungoje."

Alinitazama kidogo, akafunga upya fundo la mbegu zake. Akawaambia wenzake kwamba mvua isipokatika, wote watano watahamia kwangu na masufuria yao, na karani atawalisha. Walicheka hadi nje. Mimi sikuweza.

Jana palikuwa na mawingu mchana kutwa, sikula kitu. Leo asubuhi, katika misa, padri alimshukuru Mungu kwa mvua ya Alhamisi, akaomba iendelee kwa ajili ya mashamba yetu, na kanisa lote likaitika amina. Nilifunga mdomo, Shangazi. Moyoni niliomba jua, siku kumi za jua kali, peke yangu kati ya watu wale wote, na nikaona aibu kwa padri, lakini sikuyaondoa maombi yangu.

Naishia hapa. Mawingu yamekwisha, milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa inaonekana yote, na hapa mlangoni pameanza kuwa moto pa kukalia.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea.