Mtandio Mwekundu Siku ya Posa

Mpendwa Mama,

Shikamoo huko uliko. Aibu niliyoipata Jumapili ni yetu sote wawili, ila wewe umelala zako kaburini Pugu na mimi ndiye ninayepishana na majirani.

Wakumbuka mawingu yakitanda upande wa Kisarawe? Kwanza joto la kuudhi, kisha upepo na vumbi, kisha kimya, hata kuku hawalii. Hapo unapaza sauti: "Funikeni kioo! Ingizeni masufuria! Nani huyo kavaa nyekundu?" Nasi mbio, kioo cha kabati tunakitandikia khanga yako. Ulituambia radi huvutwa na kinachong'aa na chekundu. Shuleni nikafundishwa mengine, nikayajibu vizuri kwenye mtihani, lakini mwili wangu ulibaki kwako.

Jumapili walikuja kumposa Asha, mjukuu wako. Mama wa kijana kavaa mtandio mwekundu, kapendeza kweli. Pilau tumeshakula, mjomba wao anaanza maneno, mara ngurumo. Radi ilipomulika dirishani nikajikuta nimesimama, napiga kelele, "Nyekundu hiyo!" Kabla mgeni hajageuka, nimeshamtupia kichwani kitambaa cha meza, na mchuzi wake.

Alijifuta mchuzi. Mvua ilipopungua waliaga kwa adabu, kishika uchumba kikiwa bado mfukoni mwa mjomba.

"Mama, umeniaibisha," Asha aliniambia. "Watasema tunafuga majini humu ndani."

Tangu siku hiyo naona haya hata kumtazama mwanangu akila. Nilikukasirikia na wewe, Mama, kisha nikaona haya kumkasirikia marehemu.

Leo alasiri kumetanda tena. Simu ikaita: yule mama. Nikanyoosha mkono, na Asha, yule yule aliyeninunia tangu Jumapili, akaudaka.

"Mama, usipokee! Radi!"

Tukatazamana. Huyo ni wako, Mama, hata mtihani wake haukumsaidia. Lakini posa ni posa. Nisamehe, nilipokea, macho nimeyafumba.

"Mama Asha, nasema haraka nikate," yule mama akasema, "huku Kiwalani inanguruma na kioo sijakifunika. Jumapili mie ndiye niliyejisahau, asubuhi kulikuwa na jua. Tunarudi Ijumaa. Nyekundu havai mtu."

Akakata. Khanga yako nimeifua, ipo tayari juu ya kabati.

Pumzika, Mama.

Mwanao, mama yake Asha