Kiti Kilichobaki Wazi Kwenye Treni ya Rostock

Jumanne, bandari ya Warnemünde, Ujerumani

Bado naona aibu. Leo sisi wa kufua mashuka ya meli tuliruhusiwa kushuka hadi saa kumi na moja. Kwenye treni ya Rostock akaingia mzee mwenye fimbo. Nikasimama, Kiswahili kikanitoka huku nikimwonyesha kiti. "Shikamoo, kaa hapa." Akakataa kama nimemtukana. Nami ningekaaje mzee amesimama? Kiti kikabaki wazi mpaka mjini.

Mji wenyewe sikuuona. Nilimpigia dada aliye nyumbani Endasak, akamwekea baba simu sikioni. Tangu augue Jumapili, baba hasemi.

"Shikamoo, baba."

Nikasikia anapumua tu.

Pasipoti yangu wameifungia ofisini melini, na mkataba umebakiza miezi minne. Saa tisa nilikuwa nimesharudi ndani, eti naogopa kuchelewa.