Kama Baba Alivyotufundisha

Kaka Orrin,

Hema halijavuja bado, na kikohozi cha mbwa kimepungua. Ulisema nisikuandikie mpaka tupate nyumba. Hatujapata.

Sheria ya msitu wa serikali unaijua: unapiga kambi siku kumi na nne, kisha uhame. Jumanne askari wa misitu alinijia. "Dada, muda umeisha. Ondoka sasa hivi, la sivyo navuta hilo gari."

Baba alikuwa ameenda kuokota kuni. Nikasema moyoni nitahamisha vitu kwanza, halafu nirudi kumchukua. Nikatawanya mawe ya moto, nikafukia majivu, nikamwaga majani ya msonobari juu, kama yeye mwenyewe alivyotufundisha: "Mtu akipita hapa, asijue kama mlilala."

Gari likanasa kwenye matope, na theluji ikaanza. Nilirudi pale kambini kwa miguu, asubuhi ya pili yake.

Baba alikuwa amekaa chini ya mti, kuni kifuani, amekufa, amekauka kwa baridi. Nilizifuata nyayo zake kwenye theluji. Zilizunguka pale pale, na mara nne zilipita juu ya jiko letu nililolifukia.

Kazi yangu niliifanya vizuri mno, kaka.

Dada yako,
Twyla