Nafasi ya Kuitikia

Kinshasa, 9 Machi 1984

Yaya Hadidja, dada yangu mkubwa,

Assalam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mikelenge, Kindu, wewe na shemeji Tambwe na watoto, na kwamba goti la mama limetulia. Mimi mwili hauna neno. Sombe ya huku tu, majani yao ya mihogo, ndiyo bado hainiingii. Wanaiharibu, basi tu.

Barua yako ilinichekesha kwanza, kisha ikaniuma. Unasema kila jioni mama anavaa kikwembe chake kizuri na kwenda kwa Bulaimu mfanyabiashara kunisikiliza kwenye televisheni, ingawa picha ni mvua tupu, sauti inakwaruza na sura ya mtu haionekani. Sauti ikisema hamjambo, yeye anajibu mbele ya watu wote, sijambo mwanangu. Lakini siku hizi amekasirika. Eti anauliza: "Ule mutoto iko na haraka gani? Anasalimia mukubwa na hangoji kuitikiwa!"

Ni kweli, mimi nilikuwa nangoja. Miaka yote niliyosoma habari kwa Kiswahili, nikishasalimia nilivuta pumzi, nikampa mama nafasi ya kujibu, ndipo nikaanza. Wakubwa wa kazi walidhani ni madaha ya watu wa kwetu Maniema.

Sasa nikueleze. Mwezi wa kumi nilipewa kusoma kwamba treni ya unga imefika Kindu na raia wanashangilia. Wewe ulikuwa umeniandikia wiki ileile kwamba stesheni ni kavu, mnakula mihogo ya kuchemsha asubuhi na jioni. Nikafungua kinywa, nikasema: "Eti treni ya unga imefika Kindu." Neno moja tu, yaya, na sikulipanga. Ni lile eti letu la barazani, la mtu asiyetaka kubisha wala kukubali. Nilidhani wakubwa, ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji, hawatalisikia. Walilisikia.

Kwa hiyo anayewasalimia si mimi. Tangu siku ile niko chumba cha nyuma, nafuta kanda za zamani ili zitumike tena. Juzi nimefuta sauti yangu mwenyewe. Najuta, yaya, na sijui vizuri ninachojutia: kulisema lile neno, au kusoma miaka yote ile bila kulisema. Niliona aibu kuwaandikia, nikamwacha mama amvalie kikwembe mtoto wa wengine.

Anayesoma ni Pélagie wa Kisangani. Jina hilo tunamwita chini chini tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku. Nilimwendea, nikamweleza habari ya mama, nikamwomba asubiri kidogo baada ya salamu. Akaniambia kwamba mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na hajapata kusikia mama akimwitikia. Ameahidi kusubiri.

Mwambie mama ukweli wote, usiupake sukari. Akikataa kwenda tena kwa Bulaimu, mwache, ana haki. Lakini akienda, mwombe aitikie. Kuna mtu atakuwa anangoja.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mshike mama mkono wake wa kulia kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwavita