Nimemficha Mume Wangu Msiba ili Sherehe Yangu Ipite

Mpendwa Dada Vaileth,

Naomba unisaidie, na kama inawezekana uisome barua hii leo leo, maana kesho asubuhi nitakuwa nimeshaumbuka. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Thamesmead, hapa London, na mume wangu Godbless, mtu wa Machame, anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee, ni mume mzuri, sina la kumsema, na ndiyo maana siku hizi mbili nashindwa hata kumtazama usoni.

Juzi Jumatatu saa tatu asubuhi, yeye akiwa kazini, shemeji yangu Cosmas alinipigia kutoka nyumbani akaniambia mama amefariki, yaani mama mkwe wangu, presha ilipanda wakamkimbiza hospitali hakufika, na akanisihi, "Shemeji, usimwambie wewe peke yako, na wala asije akasoma kwenye simu, tafuta wazee wa huko wamkalishe chini wamwambie vizuri." Akasema watazika Jumatatu ijayo kwa sababu wanamsubiri yeye, ndiye kifungua mimba. Nikasema sawa shemeji. Dada, ukweli wa Mungu, nililia kidogo halafu nikajikuta nimeshusha pumzi, kwa sababu Ijumaa hii, Boxing Day, nina sherehe hapa kwangu ya watu arobaini, na Mzee Ambrose, ambaye ndiye mzee wetu sisi Wachaga wa huku, anakuja kwenye hiyo hiyo sherehe, nikajiambia basi atamwambia siku hiyo watu wakishakula, kwani mila si imesema wazee?

Usinihukumu kabla hujanisikia. Miaka minane tumekaa chumba kimoja Peckham, na kila Krismasi tunakwenda kwa rafiki yangu Placida kule Thornton Heath, na kila Krismasi mimi nipo kwenye sinki lake nasugua masufuria wenzangu wakiwa sebuleni wanapiga picha, maana asiye na sebule yake anakaribishwa jikoni. Mwezi wa nne tumepata nyumba hii, ina sebule na kiuwanja nyuma, na Placida akasema mbele za watu, "Haya, mwaka huu kwa Mama Emma, tukikosa pa kukaa tutasimama," wakacheka wote. Basi nimeazima viti vya kanisani, nimeshonesha sare ya kitenge ya wanawake kumi na wawili, nyama ya mbuzi imejaa friza mpaka mlango haufungi, nimeota hii siku, dada, nimeiota.

Sasa Jumatatu hiyo hiyo grupu la ukoo likaanza kujaa pole. Kazini kwao simu inafungiwa kabatini, kwa hiyo aliporudi alikuwa bado hajaiwasha, nikaichomoa kwenye koti lake lililoning'inia mlangoni nikaizamisha kwenye beseni la vyombo, nikamwambia imeniponyoka. Hakunigombeza. Alicheka, akaifukia kwenye bakuli la mchele wangu wa pilau ili ikauke, na bado imo humo. Lakini kila asubuhi ya Krismasi, kabla hajatia kitu kinywani, anampigia mama yake amwombee, na jana ameniambia, "Krismasi nitatumia simu yako." Cosmas naye anapiga kila baada ya saa chache, "Umeshamwambia? Anafika lini?" na mimi namjibu wazee wako njiani, wakati Mzee Ambrose mwenyewe sijamwambia chochote, kwa sababu najua nikimwambia atakuja leo.

Na bado lililo baya zaidi sijalisema. Emma ana miaka tisa, kazaliwa hapa, tukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, basi tumezoea kuongea mambo yetu mbele yake kana kwamba hayupo. Alikuwa kwenye ngazi wakati Cosmas anapiga. Jana akaniuliza kwa Kiingereza chake kama bibi amekufa, na kama amekufa mbona baba anatundika taa dirishani. Nikamwambia ni siri, baba asiambiwe mpaka Ijumaa. Tangu hapo hali chakula, na baba yake akimsogelea anaondoka. Godbless anadhani mtoto anaumwa, ananiuliza mimi ana nini.

Leo anatoka kazini saa tisa. Naomba uniambie nifanyeje Ijumaa ifike salama, na asubuhi ya Krismasi akitaka simu nimwambie nini.

Mama Emma, Thamesmead

*

Mama Emma,

Barua yako nimeisoma saa tano asubuhi, Jumatano, na nakujibu papo hapo kwa barua pepe. Wasomaji wengine wataiona mwakani, majina nikiwa nimeyabadilisha.

Kwanza pole. Umefiwa na wewe pia, na kwa jinsi ulivyoandika naona hujapata hata muda wa kukaa ukamlilia mama wa watu. Pole na ile miaka minane ya sinki. Uliyoyasema kuhusu sebule nimeyaelewa, na rafiki yako Placida ana ulimi ambao siku nyingine tutauzungumzia.

Lakini umeniuliza swali ambalo sitalijibu. Ijumaa haitafika salama kwa sababu hakuna tena Ijumaa unayoiota. Mila umeishika kwa mkia, mwenzangu. Wazee wanaitwa ili mfiwa asipigwe na habari akiwa peke yake, basi. Hakuna mila ya Wachaga wala ya kabila lolote ninalolijua inayosema mfiwa apikiwe pilau, achezeshwe muziki, kisha aambiwe. Shemeji yako alikueleza namna ya kumwambia. Siku ya kumwambia umeipanga wewe, kwa faida yako, na moyoni unajua, ndiyo maana Mzee Ambrose hujampigia.

Piga hesabu ya siku. Ukimwambia Ijumaa jioni, anapanda ndege Jumamosi akiipata, anatua Jumapili, na Jumatatu anazika. Siku hizi ndege zimejaa. Ikichelewa moja tu, atakuta kaburi limeshafunikwa, na maisha yake yote atajua ni kwa nini. Halafu mficha maradhi kilio humfichua: kati ya watu arobaini, hakuna hata mmoja mwenye ndugu Machame? Ataingia mgeni wa kwanza na kumwambia pole, mumeo akiwa ameshika sinia la nyama.

Na huyo mtoto. Umembebesha Emma mzigo ambao wewe mtu mzima umekushinda. Nimekasirika hapo kuliko popote. Ukimaliza kusoma, panda juu, mwambie mama alikosea, siri imekwisha, na baba ataambiwa leo. Mlilie naye bibi yake kidogo, ana haki.

Kisha mpigie Mzee Ambrose. Kesho London nzima haina basi wala treni, hilo unalijua, na kama hana gari leo ndiyo siku yake ya mwisho ya kukufikia. Mwambie aje na mtu mwingine mmoja, wawe wamekaa hapo kabla ya saa tisa. Mpigie Cosmas, umwambie ukweli kwamba umechelewesha. Toa pasipoti ya Godbless uangalie kama haijaisha muda, utafute nafasi kwenye ndege ya leo au ya kesho, na meneja wake umpe taarifa wazee wakishamwambia, siyo kabla. Taa za dirishani zishushe.

Wale arobaini waandikie leo kwamba tumefiwa. Usiwaambie wasije, waambie waje msibani. Viti unavyo, nyama unayo, na nakuhakikishia watakuja wengi zaidi ya uliowaalika, na msibani hakuna anayepima sebule. Sare rudisha kabatini. Placida akifika, mpe sinki.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Akishalia, leo au wiki ijayo, atakuuliza ulijua lini. Usimwambie umejua leo. Usijifiche nyuma ya Cosmas wala ya mila. Mwambie ulijua tangu Jumatatu saa tatu asubuhi, mwambie na ya simu, halafu nyamaza umwache aseme atakalosema. Atakukasirikia, pengine mwaka mzima, na utavumilia kwa sababu ni haki yake. Mume aliyekukasirikia unaweza kumwomba msamaha kila siku. Mama anazikwa mara moja.

Sasa acha kusoma. Una saa nne.

Vaileth