Nyuki mbele ya Papa Numbi

Ruffin, niko jikoni, mlango nimeufunga. Papa Numbi, shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, yuko humu pamoja nami. Amekaa juu ya ndoo.

Alikuja kuamua kama mizinga yangu ya nyuki itabaki kwenye parsele, kiwanja cha nyumba yangu, au itaondoka.

Nikataka aone ninavyowatibu nyuki utitiri, wale wadudu wanaowanyonya. Kitabu kinasema uwanyunyizie sukari ya unga, watasafishana na wadudu wataanguka. Nikapima sukari, nikaitwanga, nikaichekecha mara mbili, nikawanyunyizia.

Niliitwanga katika kinu cha mke wangu, Léontine. Kinu cha pilipili.

Amenipigia simu kutoka chumbani: "Papa Joël, kinu ulikiosha?"

Sikukiosha, Ruffin. Mimi niliyechekecha mara mbili.

Nyuki walitoka wote. Wote. Papa Numbi amechomwa sikioni na mara mbili mdomoni, lakini bado anaongea.

Amesema: "Mizinga itoke leo hii!"

Nikamjibu: "Ndiyo, Papa. Nani atakuja kuibeba?"

Akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Akachungulia tena.

"Basi, ikae kwanza."